Daftari, fomu, kengele au ngazi: umpimeje rezidenti wa upasuaji ukiwa Mtwara au Lindi?

Rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, anashuka basi la Dar jioni pale stendi ya Mtwara, begi moja la nguo, jingine la vitabu. Kesho yake kabla ya saa mbili asubuhi yuko mlangoni kwako na koti jeupe: "Shikamoo Dokta. Nimeletwa kwenu miezi mitatu." Mkononi ana barua ya chuo na fomu yenye nafasi ya sahihi na mhuri. Fomu inauliza mahudhurio, nidhamu na alama kati ya mia. Haiulizi jambo litakalokukosesha usingizi: usiku akiletwa mtu tumbo limekakamaa kama ubao, huyu kijana naweza kumruhusu aanze mimi nikiwa bado njiani?

Naandika kwa ajili ya bingwa wa upasuaji anayejiuliza hivyo, awe Ligula au Mitengo pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, au hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Naandika pia kwa rezidenti anayetaka kujua anapimwa kwa mizani ipi. Najua wanaosomea ubingwa wanatoka njia mbili. Kuna wa shahada ya uzamili, MMed, ya vyuo kama vile vya Muhimbili, Moshi na Bugando. Na kuna wa COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanza mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, ambacho mwanafunzi wake husomea palepale kazini katika hospitali iliyoidhinishwa: miaka 2 ya mwanzo kwa cheti cha MCS, kisha wa upasuaji wa jumla huendelea hadi itimie 5 kwa cheti cha ubingwa, FCS. Kila njia ina makaratasi yake na sitaki kuyagusa. Ninachopanga hapa ni vipimo vinne ambavyo bingwa wa hospitali anaweza kuvitumia mwenyewe, kwa sababu watu wengi huniuliza waanze na kipi.

Vigezo vyangu

Mwalimu wa udaktari Mmarekani, George Miller, mwaka 1990 aliugawa uwezo wa daktari katika tabaka nne: anajua, anajua namna, anaonyesha, na anatenda. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila kipimo ni hili: kinagusa tabaka lipi?

La pili ni macho. Kinakula saa ngapi za bingwa kusimama na kutazama? Kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine, na sifichi. Fomu unazichapa hata hapo mjini, lakini jicho la bingwa huwezi kulitoa kopi, na huku kusini jicho hilohilo linatakiwa kliniki, wodini, thieta na kwenye kikao cha manunuzi kwa wakati mmoja.

La tatu: kinadanganyika vipi? Kila kipimo kina mlango wake wa nyuma. La nne: kinamfundisha anayepimwa, au kinamhukumu tu? Mwisho nitasema kinamfaa nani.

1. Daftari la upasuaji

Logibuku, wanavyoliita wenyewe. Rezidenti anaandika kila upasuaji aliohusika nao, tarehe, aina, na nafasi yake: alisaidia, alifanya akisimamiwa, alifanya mwenyewe, au alimfundisha mwingine. COSECSA wanalo la kielektroniki, na msimamizi huthibitisha kwa mtandao.

Kinachopimwa ni uzoefu, yaani mtu amepita wapi. Ubora wa mkono wake haumo. Macho halili kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: dakika chache kwa wiki, basi.

Mlango wake wa nyuma niliuona kwa macho yangu. Ukanda wetu una matende na mabusha, na kambi za upasuaji wa mabusha zimefanyika mikoa yote miwili. Kambi ni neema kwa wagonjwa, na kwa rezidenti ni mavuno. Nilimpokea mmoja aliyekuja na daftari nene la kujivunia, kurasa zimejaa wino. Usiku nikakaa nalo na kalamu nyekundu, nikahesabu kwa aina. Mistari 41 kati ya 60 ilikuwa busha. Kufungua tumbo ilikuwa mitatu tu, na yote mitatu imeandikwa "nimesaidia". Nilipomuuliza alisaidia nini, alicheka kwa aibu akasema, "Nilivuta ukuta wa tumbo, Dokta, wakati wanatafuta." Kijana hakudanganya hata mstari mmoja. Ni mimi ningejidanganya kama ningesoma jumla ya chini ya ukurasa na kufunga daftari.

Kufundisha? Linafundisha kidogo, iwapo mnalisoma pamoja. Likikaa kabatini hadi siku ya mhuri, ni karatasi. Linamfaa zaidi mratibu wa programu aliye mbali, anayetaka kuona pengo: huyu hajagusa mfupa, yule hajawahi kuunganisha utumbo. Na linamfaa rezidenti mwenyewe anapoomba kazi au kuombewa kufanya mtihani.

2. Fomu ya kutazamwa thieta

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pana utajiri, na pia ndipo watu wanaposhindwa.

Miaka ya 1990 wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitengeneza kipimo kinachojulikana kwa herufi OSATS. Kina orodha ya hatua za upasuaji husika, na kina mizani ya jumla yenye vipengele saba, kila kimoja alama 1 hadi 5: kuheshimu nyama ya mwili, muda na mwendo wa mikono, kushika vifaa, kuvijua vifaa, kumtumia msaidizi, mtiririko wa upasuaji, na kuujua upasuaji wenyewe. Kilianzia mezani, kwa mifano ya kushonea, na hospitali nyingi sasa hutumia mizani yake ya jumla kwa mgonjwa halisi.

Chukua busha, maana hatulikosi. Orodha ya hatua itakuambia alikata, akatoa maji, akaondoa mfuko, akazuia damu, akashona. Vyote ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sasa tazama mikono. Anashika ngozi ya korodani kwa koleo lenye meno, anaiachia, anaishika tena palepale mara nne: hiyo ni nyama haijaheshimiwa, na kesho mfuko wa korodani utavimba. Baada ya kukata kifuko anapitisha macho haraka ukingoni na kuomba uzi. Aliyekomaa hupita ukingo wote polepole, kipande kwa kipande, akikandamiza shashi na kuinua, kwa sababu busha hulipiza kisasi kwa damu inayovilia ndani saa chache baada ya mgonjwa kurudi kitandani. Orodha ya hatua haioni tofauti hiyo. Mizani ya jumla inaiona.

Kipengele cha "kumtumia msaidizi" ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho wengi hukipitia juujuu. Muulize sista aliyesimama na vifaa. Atakuambia kwa sentensi moja: "Yule anaomba kitu kabla hajakihitaji," au, "Yule mpaka damu ifike sakafuni ndiyo anakumbuka kuna msaidizi." Sista wa thieta amewaona marezidenti wengi kuliko mimi, na sijui kwa nini fomu nyingi hazina mstari wake.

Gharama ya macho ni kubwa. Lazima uwepo tangu kisu cha kwanza hadi uzi wa mwisho, na mara moja haitoshi, kwa sababu mtu hubadilika kati ya mgonjwa mmoja na mwingine: leo hodari kwenye henia, kesho kapotea kwenye kidoletumbo kilichojificha nyuma. Unahitaji matazamo kadhaa, na ikiwezekana macho ya watu tofauti.

Inadanganyika kwa huruma. Kila mtu anapata 4. Kuna hospitali niliyopitia, na siitaji, ambako mkuu wa idara alijaza fomu zote za miezi mitatu siku moja, ofisini, na chai mezani, kwa kukumbuka sura. Sikumbuki kama kulikuwa na 3 hata moja. Dawa ninayoijua ni ndogo: jazeni kabla ya kuvua gauni, papo hapo, na umwambie jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Ukimpa saba hatashika hata mojawapo.

Kwa kufundisha, hakuna kinachoifikia. Alama yenyewe ni kisingizio cha mazungumzo ya dakika tano ambayo vinginevyo yasingefanyika. Inafaa hospitali yenye mabingwa wawili au zaidi, wanaoweza kubadilishana zamu ya kutazama, na rezidenti atakayekaa angalau miezi miwili ili mabadiliko yaonekane. Na mgonjwa aambiwe mapema, kwa Kiswahili chepesi, nani atashika kisu na nani atakuwa amesimama pembeni yake.

3. Vituo vya kengele

Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, ndiye aliyeutangaza mtihani huu mwaka 1975, na leo watu wa afya wote wanauita oski, kwa herufi OSCE. Vituo vinapangwa kama maduka ya mnadani, kengele inalia, kila mtahiniwa anaingia, anafanya jambo moja kwa dakika zilezile, kengele, anahamia kinachofuata. Wote wanaulizwa yaleyale na wanapimwa kwa orodha ileile, kwa hiyo kwa haki hakuna mpinzani hapa. Mtoto wa nani, katoka chuo gani, havina nafasi.

Unagusa tabaka la tatu la Miller: anaonyesha. Kumbuka tofauti na anatenda. Anayejua anatazamwa na kengele huosha mikono kwa namna asiyoosha saa tisa usiku.

Macho yanatumika mengi lakini kwa mkupuo: siku moja ngumu, halafu imekwisha. Mtihani kamili wa vituo vingi hauwezekani kwa bingwa mmoja. Mdogo wa vituo vinne nusu siku unawezekana, na nimeufanya kwa bei ya nauli ya bodaboda. Kituo cha kwanza, utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni, uliooshwa vizuri: unganisha, kisha tuujaze maji tuone unavuja wapi. Cha pili, picha ya eksirei ya tumbo ukutani. Cha tatu, ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19. Endesha sehemu ya kabla ya kukata ukiwa na timu. Cha nne, muuguzi mmoja mzee wa kituo anaigiza mgonjwa kutoka Newala.

Hicho cha nne kilimwangusha hodari wangu. Utumbo wake haukuvuja hata tone. Alipofika kwa "mgonjwa" akasema, "Mama, tutafanya eksploresheni halafu tutaona kama kuna rizeksheni." Muuguzi akamtazama, akajifunika kanga vizuri, akamwambia, "Mwanangu, nimekuelewa kwamba utaniua. Ila hujaniambia unanikata wapi." Tulicheka wote, na yeye pia, lakini wiki ile nzima nilimsikia wodini akitafuta maneno.

Mlango wa nyuma ni kukariri. Vituo vikijirudia mwaka hadi mwaka, marezidenti hupeana orodha, na unabaki kupima nani ana kumbukumbu nzuri. Kufundisha kupo, mradi baada ya kengele ya mwisho mrudi kituo kwa kituo mkiongea. Unamfaa anayejiandaa na mitihani ya chuo, maana ataikuta kengele hiyo hiyo, na unamfaa bingwa anayetaka kumjua mgeni siku ya kwanza kabla mgonjwa hajalala mezani.

4. Ngazi za kuaminiwa

Hii ni changa kuliko nyingine. Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, aliitoa mwaka 2005, na bodi ya upasuaji ya Marekani iliianza kwa upasuaji wa jumla Julai 2023, ikiwa na shughuli 18. Badala ya alama, unajibu swali moja kwa kila shughuli ya kazi: nimwachie kiasi gani? Ngazi ya kwanza, atazame tu. Ya pili, afanye nikiwa nimesimama hapo. Ya tatu, afanye nikiwa karibu na simu iko wazi. Ya nne, afanye peke yake. Ya tano, amsimamie mwingine.

Zingatia kwamba ngazi si cheo cha mtu. Rezidenti mmoja anaweza kuwa ya nne kwenye busha na ya pili kwenye kufungua tumbo, siku hiyohiyo. Yule wa mistari 41 alikuwa hivyo hasa.

Usianze na shughuli 18. Kamisheni ya jarida la udaktari la Lancet mwaka 2015 ilitaja upasuaji wa aina tatu unaoonyesha kama hospitali inaweza dharura: kufungua tumbo, upasuaji wa kujifungua, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Kwa wilaya zetu za minazi, mikorosho na bodaboda, hizo tatu zinatosha kuanzia. Na tusisahau jiografia. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar pale Somanga, na kwa siku kadhaa neno "tumpe rufaa Muhimbili" lilikuwa neno tu. Siku kama hizo ndipo unapotambua kwamba swali la kumwachia nani nini hulijibu kila usiku, uwe umeliandika au hukuliandika.

Nilijifunza thamani yake saa saba usiku mmoja. Simu ikaita. "Dokta, kijana kaanguka mnazi tangu jioni. Presha ya juu 80, mapigo 130. Nimeweka dripu mishipa miwili, ultrasaundi inaonyesha maji tumboni, damu ya kundi lake ipo chupa mbili, mtu wa usingizi ameshafika. Nafungua au nakusubiri?" Nilimwambia afungue, apakie shashi pembe zote nne, abane, asiguse kingine mpaka nifike. Nilipoingia alikuwa amesimama kimya, kiganja juu ya shashi upande wa wengu, macho kwenye mashine ya presha. Hakuwa amegusa kingine. Nilimpa ruhusa ile kwa sababu wiki mbili kabla nilimtazama mara mbili akifungua tumbo mchana, na kwa sababu ya simu yenyewe: alijua alichonacho, na alijua pa kuishia. Hilo la pili halimo katika daftari lolote.

Gharama ya macho ni ya kati, kwa kuwa unatumia matazamo ambayo tayari umefanya. Lakini bila matazamo hayo ngazi ni ramli. Na inadanganyika kwa uchovu wetu sisi mabingwa: ukiwa hujalala siku mbili, rezidenti wa ngazi ya pili anaonekana ghafla ni wa tatu. Upande wake naye, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo ngazi iandikwe mchana, mbele ya mtu mwingine, sista au daktari wa usingizi, na iweze kushuka bila kununiana.

Inamfundisha kwa kumwonyesha hatua inayofuata na kinachotakiwa ili aifikie. Inafaa kuliko zote pale bingwa alipo mmoja na zamu za usiku haziepukiki. Haifai kwa mgeni wa wiki tatu, kwa kuwa hutakuwa na msingi wa kumwamini wala wa kumnyima.

Kwa hali yako

Uko peke yako, na rezidenti anakaa miezi mitatu au zaidi: chukua ngazi kwa shughuli zile tatu, na ujilazimishe kutazama upasuaji mmoja kamili kila wiki kwa fomu. Vituo achana navyo kwa sasa.

Mko mabingwa wawili au watatu: fomu iwe uti wa mgongo, mkibadilishana, na mara moja kwa mwezi mkae na sista wa thieta mpange ngazi.

Anakuja kwa mwezi mmoja au chini ya hapo: vituo vinne siku ya kwanza, fomu mbili tatu baadaye, na asipewe zaidi ya ngazi ya pili kwenye tumbo, hata aje na sifa gani.

Kambi imepita na daftari limevimba: lihesabuni kwa aina na kwa nafasi aliyoshika, si kwa jumla, kisha mpangie ratiba kutokana na mistari isiyokuwepo.

Ana mtihani wa COSECSA au wa chuo karibu: kengele, kengele, na kengele tena, huku daftari likikamilishwa na kuthibitishwa mapema kabla mtandao haujasumbua.

Wewe ni mratibu uliye Dar au Moshi: dai daftari, lakini omba na nakala za fomu zenye tarehe. Zikiwa zote zimejazwa siku moja, piga simu.

Na kama wewe ndiwe rezidenti, umefika huku ukaona hakuna anayekutazama, usingoje. Kabla ya kunawa, mpelekee bingwa fomu yenye kipengele kimoja umekizungushia duara, umwambie, "Dokta, leo naomba unitazame hapa tu." Sijapata kumwona bingwa aliyekataa ombi dogo kama hilo.